Nyanya Bonge Haina Kosa

Nyanya kubwa ya mbegu ya zamani, ile yenye mikunjo ubavuni na inayojaza kiganja, ina sifa mbaya Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo nazo kila penye soko. Ikiwekwa chini ya tenga, inafika ikiwa tayari ni mchuzi. Ikifungwa nyuma ya bodaboda, dereva anateremka na shati jekundu, watu wanaanza kumuuliza kagombana na nani. Mteja anaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinazama, kisha mteja huyohuyo anatangaza kwamba nyanya imeoza na ananunua zile ndogo ngumu za jirani. Hukumu inatoka palepale: nyanya bonge haifai. Mashtaka hayo ni ya kweli, ila mshtakiwa siye. Karibu mikasa yote hiyo huipata nyanya ikishatoka uani, na mlaji aliye hatua ishirini kutoka kwenye mche hana sababu ya kuadhibiwa kwa makosa ya barabara.

Nyanya ngumu hazikuja kwa bahati. Katika miaka ya 1960, huko California, mtafiti Jack Hanna alizalisha nyanya ya kustahimili mashine ya kuvunia. Hapa kwetu, mbegu za Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997, wakulima walizipenda kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa uimara wake safarini. Hilo si la kubezwa: anayesafiri juu ya fuso katika barabara yenye makorongo anahitaji ngozi nene, awe nyanya au abiria. Taabu ni kwamba kwa mtindo huo fuso ndilo lililopewa kazi ya kuonja. Mwaka 2012 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba nyanya za zamani, zikiwa mbichi, huwa na mabega ya kijani kibichi, na kijani hicho husaidia tunda kujitengenezea sukari. Wazalishaji wa mbegu waliyaondoa mabega hayo ili tunda liive kwa rangi moja. Tukapata shavu zuri, na sehemu ya utamu ikawa ndiyo bei yake.

Mkulima atajibu kwamba utamu haulipi ada ya shule. Ni kweli, na ndiyo maana simshauri mtu apande ekari ya nyanya bonge. Nachingwea haihitaji kufundishwa hatari ya kupenda ukubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga uliohusisha Nachingwea pamoja na Kongwa na Urambo, na hesabu zilipendeza sana kwenye karatasi. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Anayeota kupeleka shehena ya nyanya bonge Dar es Salaam awaulize kwanza wazee treni ilikwenda wapi. Miche mitano karibu na jiko inatosha, na maji yaliyooshewa mboga yataisaidia kiangazi.

Mwingine atasema hata hapo uani nyanya hii ni mkorofi: inapasuka, inaoza kitako, inashambuliwa na mdudu kantangaze. Kupasuka na kuoza kitako mara nyingi ni matokeo ya kumwagilia kwa kukumbuka. Jumatatu bustani inageuzwa jaruba la mpunga, halafu inasahauliwa hadi Ijumaa. Maji yakija kwa vipindi, chokaa ya udongoni haifiki vizuri kwenye tunda, kitako kinakuwa cheusi, na jirani mwenye kijicho analaumiwa bure. Maji kidogo kila siku na matandazo ya nyasi kavu humsafisha jirani huyo. Kantangaze, aliyetoka Amerika Kusini na kuthibitishwa nchini mwaka 2014, hachagui kubwa wala ndogo, kwa hiyo ukubwa hauna hatia hapo. Matunda yaliyotobolewa yaondolewe na kuteketezwa. Na mche ufungwe kwenye mwanzi imara, maana ukilala chini, kuku ndio watakaotoa taarifa ya ladha.

Jikoni nako lawama hupotea njia. Mpishi anaichemsha nyanya bonge sufuria ikiwa imefunikwa, analalamika ina maji mengi, kisha anaongeza nyanya ya kopo. Afunue sufuria, aikaange mpaka mafuta yajitenge, ndipo atie mbaazi na tui. Ute wa mbegu asiutupe, kwani ndiko ladha nzito ilikojaa kuliko kwenye nyama yake. Ya kachumbari ikatwe chakula kikiwa mezani, na chumvi iingie mwisho, la sivyo kachumbari itaogelea.

Mbegu za chotara hazizai mtoto anayefanana na mzazi, lakini hizi za zamani huzaa. Chagua tunda bora, acha mbegu zichachuke katika ute wake siku mbili tatu, zioshe, zianike kivulini. Sokoni nunua nyanya ngumu bila aibu, zimeumbwa kwa safari. Uani panda bonge, na usimpe mtu wa bodaboda.