Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu: Faini ya Kodi Isiyokuwapo

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA),
Nairobi.

Mheshimiwa Kamishna,

MINT: USTADI WA MAMLAKA KATIKA KUMTOZA YAYA

Wananchi wamezoea kuiandikia Mamlaka kwa malalamiko, jambo ambalo si la haki, kwa kuwa ipo kazi moja ambayo imeifanya kwa ustadi usiopata kusifiwa, nayo ni kuhakikisha kwamba yaya, yaani mfanyakazi anayelea watoto katika nyumba ya mtu mwingine kwa mshahara, hasahauliki na serikali hata pale ambapo serikali haimdai kitu. Kwa kiwango kilichoanza kutumika Novemba 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, na kila mlipakodi mkazi hupunguziwa shilingi 2,400, ambazo ndizo hasa asilimia 10 ya hizo 24,000, kwa hiyo hesabu ya kodi ya yaya huyo huishia kwenye sufuri. Mtu asiye na maono angefunga faili hapo.

Mamlaka haikulifunga. Kila mwenye PIN, ambayo ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, anatakiwa awasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka uliopita, kupitia mtandao wa iTax kabla ya tarehe 30 Juni kupita, na anayechelewa hutozwa asilimia 5 ya kodi anayodaiwa au shilingi 2,000, kutegemea kilicho kikubwa. Asilimia 5 ya sufuri ni sufuri, hivyo shilingi 2,000 hushinda kila mwaka bila kutoka jasho, na mtu asiyekuwa na deni hata la senti hupoteza karibu sehemu ya nane ya mshahara wake wa mwezi.

Yaya mwenye bidii, aliyechukua PIN siku benki ilipoidai, huenda saiba mwezi wa Juni na kumlipa kijana wa kompyuta. Njia ni mbili. Ya kwanza hutegemea P9, hati ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kuonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima. Ili ipatikane, sharti mwajiri awe amejisajili kwa PAYE, ule utaratibu wa kukata kodi mshaharani kabla haujamfikia mfanyakazi, na awe anaipeleka taarifa kufikia tarehe 9 ya kila mwezi unaofuata. Mwajiri anayezungumziwa hapa hutuma mshahara kwa M-Pesa tarehe 5, au tarehe 12 mambo yakiwa magumu, na angeulizwa habari za P9 angedhani yaya amepata kazi kwingine. Njia ya pili ni ritani ya sufuri, inayotangaza kwamba mwenye PIN hakupata mapato yoyote. Kijana wa saiba, ambaye ana foleni, hubonyeza hiyo. Basi mwanamke aliyeamka alfajiri miezi yote 12, akawaogesha watoto, akawavalisha na kuwasindikiza hadi kwenye basi la shule, huiambia serikali rasmi kwamba hakupata kitu, naye hupewa risiti ya kuthibitisha utiifu wake. Mwajiri aliyeuficha mshahara huo hana haja ya kudanganya. Uwongo umeshasemwa kwa niaba yake, tena kwa gharama ya mfanyakazi.

Sheria ya Kodi ya Mapato nayo ina falsafa inayostahili kufundishwa vyuoni. Kifungu cha 16 hakiruhusu gharama za familia au za nyumbani ziondolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kampuni ikimwajiri dereva wa kumpeleka meneja kazini, mshahara wa dereva huhesabiwa kuwa gharama ya kuzalisha mapato; meneja yuleyule, ambaye asingevuka lango lake kama hapangekuwa na mtu wa kumwachia mtoto, huambiwa kwamba malipo ya yaya ni matumizi ya nyumbani, jamii moja na mapazia. Lau sheria ingemwona yaya kama pazia mpaka mwisho, pangekuwa na mantiki ya aina yake, lakini ikifika zamu ya makato pazia hugeuka mfanyakazi: asilimia 1.5 ya Ushuru wa Nyumba, 2.75 ya bima ya afya (SHIF) na 6 ya akiba ya uzeeni (NSSF), jumla shilingi 1,651 na ushei. Ushuru wa Nyumba, ikumbukwe, ni wa kujengea makao ya bei nafuu, na mkatwaji hulala katika chumba cha nyuma ya jiko. Ni kweli kwamba bima na akiba vina faida kwake, na kwamba mwajiri hutakiwa kuongeza kiasi sawa kwa NSSF na kwa Ushuru wa Nyumba. Hiyo ndiyo sababu mojawapo mwajiri huona heri jina la yaya lisionekane kwenye karatasi yoyote.

Ili ustadi huu usipotee, Mamlaka na iendelee kumwacha mwajiri apumzike, kwa kuwa yeye ana kompyuta, shahada na mhasibu wa kumuuliza ofisini, na imfuate mwenye simu ya mulika mwizi. Akitokea ofisa atakayependekeza fomu moja fupi ambayo mwajiri angeijaza mara moja kwa mwaka pamoja na ritani yake mwenyewe, kama Marekani ilivyowaruhusu waajiri wa nyumbani kwa sheria ya 1994, au atakayesema kwamba faini isimfikie mtu ambaye mshahara wake hauwezi kuzaa kodi, ofisa huyo apewe likizo ndefu, na wakati wa likizo hiyo abaki na watoto wake nyumbani bila yaya.

Ni walio watiifu,
Wenye PIN Wasio na P9