Kimbunga Nacho Kina Faragha Yake

Kwa waheshimiwa wa Idara ya Ulinzi ya Marekani, washika swichi za setilaiti za hali ya hewa za DMSP.

Sisi watu wa pwani tunawashukuru. Mwishoni mwa Juni 2025, msimu wa vimbunga wa Atlantiki ukiwa ndio kwanza umeanza, tulisikia kwamba baada ya siku chache mtaacha kuwagawia watabiri takwimu za setilaiti hizo. Sababu mliyotoa ni usalama wa mtandao. Huo ni uungwana. Kimbunga kikijitia nguvu usiku, hakipendi kuchunguliwa.

Na vyombo vyenu, tusifichane, havina adabu. Picha ya kawaida ya setilaiti usiku huishia juu ya wingu, kama mtu anayetazama paa la nyumba akataka kujua kinachopikwa ndani. Vyenu hupokea mawimbi ya maikrowevu, vikapenya wingu na kuona pete ya mvua inavyojifunga kulizunguka jicho. Mtabiri wa kituo cha vimbunga cha Miami akiiona pete hiyo, anajua kimbunga kinaweza kupanda daraja kabla ya alfajiri, na anaanza kuwasumbua watu waliolala. Umbeya mtupu!

Watu wa Acapulco, Meksiko, walionja faragha hiyo. Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2023, Otis ilikuwa bado dhoruba tu. Ilipopita saa sita usiku ikatua karibu na mji wao ikiwa kimbunga cha daraja la 5, upepo ukizidi kilomita 250 kwa saa. Modeli za utabiri hazikuiona ikija hivyo; ndege iliyoingia ndani yake mchana ndiyo iliyofichua siri.

Huku kwetu Bahari ya Hindi hata ndege hiyo hatuna. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mafia Mei 2024, macho yalikuwa kwenye setilaiti.

Bahati mbaya mkalegea. Mkasogeza tarehe hadi mwisho wa Julai, kisha mkasema takwimu zitaendelea kutoka hadi Septemba 2026, vyombo visipokufa kabla. Oktoba 2025 kimbunga Melissa kikaivamia Jamaika kikiwa daraja la 5, na watabiri walishakipigia kelele siku kadhaa kabla. Faragha yake haikuheshimiwa hata kidogo.

Basi, waheshimiwa, mzaha kando. Aprili 2024 mlirusha setilaiti mpya, WSF-M, ya kurithi kazi hii. Wagawieni watabiri wote takwimu zake, wa Miami na wa La Réunion wanaoiangalia bahari yetu, kabla hamjazizima zile za zamani.