Hesabu ya Maharage

Uamuzi wa vigezo vingi ni ule unaomlazimisha mwamuzi kupima mambo yasiyoingia katika kipimo kimoja, na katika nyanda za Kasulu na Kibondo, ambako maharage ni zao la biashara na vilevile kitoweo cha jioni, msomi haaibiki popote kama anavyoaibika mbele ya muuza maharage. Anayeyanunua huko, tuseme Murungu, huwa na vigezo vinne: bei ya sado, wepesi wa kuiva (kwa kuwa mkaa nao hununuliwa), ladha ya mchuzi, na kutobunguliwa na wadudu.

Hatua ya kwanza ni nyepesi. Kanuni yenye jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia aliyefariki mwaka 1923, huagiza kuondolewa kwa kila chaguo lililotawaliwa, yaani lile lenye mwenzake asiyezidiwa nalo kwa kigezo chochote na anayelizidi walau kwa kimoja. Hivyo maharage ya msimu uliopita, yenye bei ileile ya mapya, magumu kuiva, yasiyo na ladha na yaliyokwisha kubunguliwa, huondoka bila kutetewa hata na mwenye nayo. Taabu huanzia kwa yaliyobaki, kwani ya njano ni matamu na huiva upesi lakini ni ghali, ilhali mekundu ni rahisi lakini hula mkaa. Na mnunuzi anayeongeza vigezo ili apate nuru huirefusha orodha, kwa sababu chaguo lililoshindwa kwa vyote hupata mahali pa kushinda. Akishaandika rangi, umbali na ucheshi wa muuzaji, hata yaliyobunguliwa hurejea, maana mwenye nayo ndiye mcheshi kuliko wote.

Hapo kila kigezo hupewa uzito, alama za kila chaguo zikazidishwa kwa uzito huo na kujumlishwa. Thomas Saaty, katika miaka ya 1970, alibuni njia ya kuupata uzito kwa kulinganisha vigezo viwiliviwili, pamoja na namna ya kukagua kama mwamuzi anajipinga. Ukaguzi huo haugundui maradhi ya kawaida zaidi: jumla ikiyaangukia mekundu, mnunuzi aliyekwisha kuyatamani ya njano huona ghafla kwamba ladha ilipunjwa, akaisahihisha na kukokotoa upya, mpaka sayansi ikubaliane na tumbo. Asichekwe mno, kwani masahihisho hayo humfunulia uzito ambao asingeweza kuutaja kama angeulizwa.

Herbert Simon, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba watu, badala ya kukokotoa hivyo, huweka kiwango cha kutosha na kulichukua chaguo la kwanza linalokifikia. Mama wa Kiha aliye pembeni hung'ata punje moja, huuliza bei, hulipa na kwenda kuinjika chungu, huku msomi, akiwa amekamilisha jumla yake ya tatu, akiarifiwa kwamba ya njano yamekwisha.