Sifa za Nyasi Zisizoota

Washairi wetu wamewasifu farasi, majahazi na wapenzi wao, walakini sijapata kumwona hata mmoja aliyezitendea insafu nyasi za plastiki, ambazo leo zimetandikwa katika nyua na baraza nyingi za Dar es Salaam. Nami, ninayezitumikia kwa brashi na ndoo, naona ni faradhi yangu kuuondoa upungufu huo.

Nasaba yao si haba. Huko Houston, Marekani, paa la uwanja wa Astrodome lilipopakwa rangi ili mwanga wa jua usiwapofushe wachezaji, nyasi za Mungu zilikufa kwa kukosa nuru, na mwaka 1966 zikatandikwa hizi za kiwandani, ambazo hazidai nuru, wala mvua, wala, kwa kauli ya aliyeniuzia, kazi yoyote ya mkono.

Fadhila yao kuu, hata hivyo, ni kutunza amana. Nyasi za kawaida ni haini: ukiziachia jani la mwarobaini zitaliozesha zilile, ukiziachia mkojo wa paka zitaunywa zinenepe, na baada ya siku chache huna cha kudai wala ushahidi wa kudaia. Hizi za plastiki zimetakasika na tamaa hiyo. Maji ya embe aliyoyamwaga mtoto, kinyesi cha kunguru, vumbi la barabara isiyotiwa lami, na hasa mkojo wa paka wa mtaa mzima, vyote huvipokea kwa taadhima, huvishusha taratibu hadi kwenye mchanga na mpira ulio chini, na kuvihifadhi huko bila kupunguza hata chembe, mpaka ifikapo adhuhuri, jua likiwa la utosi na wageni wamekwisha keti, ndipo huvirejesha puani mwa mwenyewe pamoja na faida. Sijui benki yenye uaminifu wa kadiri hiyo.

Basi mtu hupiga magoti, akazichana kinyume cha ulalo wake kwa brashi ngumu ya nailoni (ile ya waya huzing'oa), akanyunyiza siki iliyozimuliwa kwa maji, akasuuza, akangoja, kisha akanusa. Fadhila zilizosalia nazitaja kwa mkato: saa nane mchana huunguza nyayo, hivyo hufunza adabu ya kuvaa ndala, kaa moja likidondoka jikoni huziyeyusha tundu, na ndago, ambayo haikualikwa, huzipenya kutoka chini ikasimama katikati ya plastiki, mbichi, ikiota.

Hayo yote ningeyastahimili kama si maji. Hazinywi maji, aliapa muuzaji. Naam, hazinywi, huogeshwa, tena kwa maji ya kununua kwenye boza, kwa kuwa bomba la mamlaka hutoa upepo na ankara tu! Na maji hayo yakiisha kuzisuuza huchukua vipande vya majani yaliyokatika, yakashuka navyo mferejini hadi Mto Msimbazi, na kutoka huko baharini. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na ilifanya haki; lakini mfuko wa bibi wa kutilia mchicha umekuwa hatia, ilhali busati zima la plastiki hupita bandarini kwa heshima, madhali limetiwa rangi ya kijani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, bwana afya alitutembelea. Alisimama uani kwangu, akakisifu kijani changu mbele ya wajumbe, akanitaja kuwa mfano wa utunzaji wa mazingira. Kisha akavuka ua hadi kwa jirani, ambaye nyasi zake za kweli zilikuwa zimefika magotini kwa neema ya masika, akamwandikia faini kwa kufuga mbu. Jioni jirani alikuja kuniuliza bei ya mita moja ya mraba. Nimemtajia. Paka nitampa bure.