Daraja la Kwanza Hutapika Kwanza

Ukitaka kupima heshima ya mtu, mpandishe boti ya Pemba mwezi wa Julai, kusi likivuma. Kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, mpaka Ras Nungwi, kisiwa kinakukinga. Abiria wanakula sambusa na kubishana mpira. Rasi ikishapitwa, kinga imekwisha, na mkondo wa Nungwi hauulizi nani sheha, nani mchukuzi.

Shemeji yangu, mtu wa bara mwenye fedha zake, alikata tiketi ya daraja la kwanza, ghorofa ya juu. Nikamwambia, "Shemeji, chombo kikilala ubavu, juu ndiko kunakoyumba zaidi. Tukae chini, katikati." Alinitazama kama mtu anayeonewa wivu kwa ajili ya kiyoyozi, akatoa simu, akaanza kusoma.

Hapo ndipo ugomvi wa kichwani unapoanza. Macho yanasema tumetulia, maandishi haya hapa. Sikio la ndani, lenye maji yake ya kupimia mwendo, linaapa kwamba tunapinduka. Ubongo ukishindwa kujua shahidi yupi mkweli, kesi inahamishiwa tumboni.

Alianza kwa miayo, nayo haikuwa ya usingizi. Likafuata jasho la baridi, mate yakamjaa kinywani, kigegezi kikampanda. Na waganga nao wakajitokeza. Kumbe boti nzima ni hospitali. Bibi mmoja akampa ndimu: "Nusa, mwanangu, usiiache pua." Mwingine akamtafunisha tangawizi mbichi, dawa ambayo hata baadhi ya madaktari wanaikubali. Wa tatu akatoa kidonge. Kidonge hicho humezwa kabla ya safari, mtu akiwa bado nchi kavu; shemeji alikimeza Nungwi, kikarudi papo hapo Nungwi.

Nikajaribu kumfariji. Nikamwambia Charles Darwin aliizunguka dunia kwa meli ya Beagle, 1831 hadi 1836, na bahari ikimlevya vilevile. Hata Nelson, amiri mashuhuri wa Waingereza, alikuwa akitapika.

"Shemeji," akanijibu, "nipe mfuko, historia baadaye."

Mfuko ulipojaa nikamtoa nje apate hewa, akaze macho pale mbingu zinapokutana na bahari. Dawa hiyo haina bei, na inasaidia kweli, ila ina sharti moja ambalo waganga wetu hawakulitaja: usisimame upande unaotoka upepo. Alichokitoa shemeji kuelekea kusi, kusi lilikirudisha, kikampita yeye, kikamfikia bwana mmoja wa nyuma aliyevaa kanzu nyeupe ya harusi.

Tulipofika Mkoani ardhi ilikuwa bado inamyumbia. Akauliza nauli ya ndege ya kurudi. Akaambiwa ndege ipo, lakini ni ndogo, na kusi linaifikia hata huko juu.

Akafikiri kidogo, akamgeukia dereva wa teksi. "Ndugu yangu, hapa Mkoani chumba cha kupanga ni shilingi ngapi kwa mwezi?"