Sifa za Malewa ya Kubeba

Malewa ya kubeba ni kibanda, kibaraza cha duka au mwavuli wa kando ya barabara ambapo mkazi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hununua chakula kilichokwisha kuiva, kikafungwa ndani ya sashe, yaani mfuko wa plastiki, akaondoka nacho. Neno lenyewe ni la Kilingala. Lilifika kutoka Kinshasa pamoja na muziki, na 2009 mwanamuziki Werrason alilitia kwenye jina la albamu yake, Techno Malewa, heshima ambayo hoteli za ufuoni mwa Ziwa Kivu, pamoja na bustani zao na vitambaa vyao vya meza, hazijaipata mpaka leo.

Kwingine kazi hii ina wenyewe. Mjini Paris, Mkongo anayetoka kazini usiku hula "grec", mkate uliojazwa nyama iliyochongwa kwenye chuma kinachozunguka. Jina humtaja Mgiriki hata pale mwenye duka anapokuwa Mturuki. Athens nyama ya vijiti huitwa souvlaki, na mawe ya kuegemezea vijiti yaliyochimbuliwa Akrotiri, katika kisiwa cha Santorini, yanaonyesha kwamba nyama ilichomwa hivyo huko zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Bukavu haikuhitaji kufundishwa hayo. Kitu kimoja tu kinafaa kuazimwa kwa Wagiriki, nacho ni desturi yao ya kusifu vitu duni kwa maneno makubwa. Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata (mji usio na undugu wowote na sambusa) aliandika sifa za nzi. Nzi huyo angejiona yuko kwao pale Kadutu, mtaa wa Bukavu wenye soko kubwa, lakini kwa kuwa amekwisha kusifiwa, hapa ataachwa aendelee na kazi yake.

Malewa hayana anwani. Hukaa pale watu wanaposhukia magari, hatua mbili kutoka kwenye mfereji: Nyawera, Feu Rouge, Essence, na kuzunguka soko la Kadutu lote. Mteja huyapata kwa kufuata moshi. Moshi huo humpenya kwenye koti na kukaa humo hadi misa ya Jumapili, hata benchi zima likajua alikula wapi Ijumaa. Hakuna redio inayotangaza biashara kwa bei hiyo. Makala (makaa) ya kwenye mbabula (jiko) hutoka vilimani, mengine kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa 1970 ili kuwalinda gorila. Kwa hiyo gorila nao wamechangia chakula cha jioni cha mji, ingawa hawajawahi kualikwa.

Juu ya meza hupangwa viazi vya kukaanga, makemba (ndizi), sambusa, mishikaki ya mbuzi na sambaza. Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wataalamu humwita Limnothrissa miodon, jina refu kuliko samaki mwenyewe. Huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakipiga makasia kwa wimbo. Akishakaangwa huliwa mzima, kichwa, macho na mkia, na hapo ndipo ubora wake ulipo: hakuna ndugu anayeweza kulalamika kwamba kapewa kipande kibaya.

Mshikaki una tabia nyingine. Husomwa kuanzia juu. Kipande cha kwanza ni nyama tupu, kinang'aa mafuta, kimegeuzwa upande wa mteja. Cha pili ni nyama pia, ila nyembamba. Kisha huja kitunguu, ambacho hakikuombwa wala hakikukataliwa. Kisha kipande cha mafuta. Na chini kabisa, karibu na kidole cha mchomaji, kitu kigumu chenye rangi ya kijivu ambacho meno huhangaika nacho hadi mtu aamue kukimeza kama dawa. Mtu aliyemaliza vijiti vitano vya namna hiyo hawezi tena kudanganywa na ukurasa wa kwanza wa jambo lolote.

Kabla ya kula kuna kungoja, mbele ya mama mwenye malewa.

"Mama, yangu iko tayari?"

"Bado kidogo, papa. Inaisha sasa hivi."

"Bado kidogo" ni kipimo cha muda kinachotumika mji mzima, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiwekea dakika, hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kukizidisha. Huweza kumaanisha kwamba nyama imebakiza upande mmoja. Huweza pia kumaanisha kwamba mtoto ametumwa kununua vitunguu na amekutana na wenzake. Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni za mvua ni baridi, hivyo wanaongoja husogea kwenye mbabula na kupata joto ambalo halimo katika bei. Hapo huzungumzwa dola imefika ngapi, barabara gani imekatika, na posa ya nani imekwama kwa ajili ya ng'ombe wawili. Aliyekuja wa mwisho huhudumiwa wa kwanza iwapo mama anamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mgeni aliyetangulia hushuhudia hayo na kuelewa nafasi yake duniani, somo ambalo vyuo hulitoza ada.

Uzuri mkubwa wa malewa, hata hivyo, unaonekana wakati wa kulipa. Bei hutajwa kwa faranga; mfukoni mwa mteja mna dola. Mama hufuta mkono kwenye kitenge, huishika noti kwa ncha za vidole viwili, huiinua kwenye taa ya simu, huigeuza, kisha hupitisha ukucha pembezoni mwake, polepole, upande hadi upande. Mpasuko wenye urefu wa jino la sambaza unatosha.

"Hii iko na kidonda, papa. Nitaipeleka wapi?"

Noti hurudi kwa mwenyewe. Dakika hiyo hiyo, mama yule yule hupokea noti ya faranga 500 iliyolainika kama kitambaa cha deki, imeungwa kwa gundi ya karatasi katikati na inanuka samaki, akaitia chini ya sahani bila kuitazama. Wasioelewa huona ukaidi. Kwa kweli ni adabu. Faranga ya Kongo, iliyoanza kutumika 1998, ni mtoto wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani husamehewa kuingia na matope. Dola ni mgeni; mgeni haji na nguo iliyochanika.

Ikipatikana dola isiyo na kidonda, hufuata suala la mone, ambayo Waswahili wa pwani huiita chenji. Mone hakuna. Haijawahi kuwapo, na mteja mwenye umri mzuri hujua hivyo tangu anapotoka nyumbani, lakini huuliza kwa heshima. Huongezwa sambusa, au yai la kuchemsha, au kiganja cha sambaza kinachoitwa matabishi, yaani nyongeza ya bure, ingawa kimelipiwa. Kinachobaki hugeuka deni: "Utakuja kuchukua kesho." Kwa njia hiyo, mtu ambaye asubuhi hakuwa na akiba mahali popote hulala akiwa nayo. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki kufunga milango, akiba hii ya kwenye malewa ilibaki miongoni mwa zile ambazo mwenyewe aliweza kuzitoa siku yoyote, kwa umbo la viazi.

Chakula hutiwa ndani ya sashe, na sashe ya kweli ni nyeusi. Mji wa vilima hauna siri: anayepanda Kadutu na mzigo hutazamwa kutoka baraza zote za juu yake na za chini yake. Sashe nyeusi hufunika aibu na majivuno kwa pamoja. Aliyebeba sambaza za faranga mia chache na aliyebeba paja zima la mbuzi hupita wakiwa sawa, na jirani hubaki na mawazo yake. Kasoro iliyopo ni ya mvuke. Viazi vilivyotoka kwenye mafuta vikiwa ishirini, kila kimoja kikijitegemea, hufika nyumbani vikiwa kimoja, kikubwa na kimelowa, ambacho baba hukikata kwa kisu kama mkate. Familia zenye ugomvi wa kugawana zimepata nafuu kwa utaratibu huu.

Serikali hazikuuona ubora huo. Rwanda ilipiga sashe marufuku kwa sheria ya 2008, na msafiri anayevuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, na chakula chake huenda akanyang'anywa mfuko mpakani, akabaki ameshika viazi mikononi. Kinshasa nayo ilitia saini amri ya kuzikataza mwishoni mwa 2017. Bukavu sashe ziliipokea amri hiyo kwa utulivu na zikaendelea na kazi.

Kazi ya sashe hasa huanza mteja akishakula. Sashe tupu hutupwa dirishani au mferejini. Mvua, ambayo hunyesha hapa tangu Septemba hadi Mei, huizoa. Mfereji huitelemsha hadi ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, na kwenye mlango huo, mjini Bukavu kwenyewe, kuna bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, muongo ule ule sambaza walipowasili. Mitambo yake ina uwezo wa karibu megawati 30. Sashe hukusanyika mbele yake pamoja na chupa, magome na viatu vya mguu mmoja, nyingine zikazama hadi kuingia kwenye mashine na kuzisimamisha. Umeme hukatika. Ni biashara chache za kando ya barabara zinazoweza kujisifu kwamba mzigo wa jioni moja umezima mtambo wa taifa.

Giza likishaingia, faida humrudia mama malewa. Hoteli zenye friji huhesabu hasara. Yeye ana makala. Wakazi walioshindwa kupika kwenye majiko ya umeme hutelemka kumfuata, na kwa kuwa hakuna taa, kipande cha mwisho cha mshikaki hakionekani mpaka kimeshafika mdomoni. Dola ndizo pekee zinazoendelea kuonekana vizuri, kwa taa ya simu ya mteja mwenyewe. Kila anayekuja huondoka na sashe mpya.

Kwenye bwawa, wafanyakazi huzitoa taka majini na kuzirundika kando, kisha mvua huleta nyingine. Zile zinazopenya hufuata mto, hupita bwawa la Ruzizi II, huingia kwenye tambarare chini ya Kamanyola na kuishia Ziwa Tanganyika, kwao sambaza.