Sifa za Utitiri wa Godoro

Nyumba nyingi za Pwani zina mpangaji asiyelipa kodi, asiyechangia luku, na ambaye hajawahi kugombana na mtu asubuhi kwa ajili ya zamu ya bafu. Analala chumba kikubwa, kitanda kimoja na baba mwenye nyumba, na baba mwenye nyumba hana habari. Huyo ni utitiri wa vumbi. Yule wa kuku mnamjua, anayewapandia mikononi mkimwinua tetea aliyeatamia. Huyu ni jamaa yake wa mjini, mstaarabu, asiyeuma wala kunyonya damu. Simba amesifiwa, ngalawa imesifiwa, hata pweza wa nazi ana mashairi yake. Utitiri hana ubeti hata mmoja, na mimi naona haya kwa niaba ya washairi wetu.

Tuanze na umbo, kama adabu ya kusifu inavyotaka. Urefu wake ni theluthi moja ya milimita hivi. Mwili mweupe unaopenya nuru, miguu minane, maana ni wa ukoo wa buibui na kupe. Macho hana. Mapafu pia hana; hewa humwingia kupitia ngozi. Hebu tua hapo kidogo, msomaji. Kiumbe anayewaamsha watu usiku wa manane wakiwa wamebanwa kifua, yeye mwenyewe hana kifua cha kubanwa. Sijasikia dhalimu mwingine aliyejikinga vizuri namna hiyo na madhara ya kazi yake.

Katika chakula ni mtu wa zuhudi. Hagusi sukari wala mchele. Anakula magamba ya ngozi yetu, yale yanayopukutika tukijigeuza usingizini na ambayo hakuna anayeyadai. Maji hanywi. Hunyonya unyevu uliomo hewani, basi, na hiyo ndiyo siri ya mapenzi yake kwa nchi zetu. Mpe joto la nyuzi 25 hivi na unyevu wa asilimia 70 hadi 80, hataki kingine. Hiyo ni Tanga, ni Mombasa, ni Unguja, bila kubadilisha chochote. Masika yakikolea, kuta zikavuja ukungu na viatu vikaota kuvu kabatini, watu tunanung'unika, naye anaoa na kuozesha. Kisha kinaingia kipupwe, Juni na Julai. Mama anafungua sanduku, anatoa blanketi la manyoya lililokaa humo tangu mwaka jana, anamfunika mwanawe hadi shingoni kwa huruma zote za uzazi. Kabla ya alfajiri mtoto anapiga chafya mfululizo, macho mekundu, pua inawasha hadi anaisugua kwa kiganja kuelekea juu. "Hali ya hewa imebadilika," wanasema wakubwa. Ni kweli. Blanketi nalo limebadilika.

Ajabu zaidi ni unyenyekevu wake. Watu walishajua tangu zamani kwamba vumbi la nyumbani linaamsha pumu, lakini ilikuwa mwaka 1964 ndipo watafiti wa Leiden, Uholanzi, akina Voorhorst na Spieksma, walipoeleza kwamba mhusika mkuu ndani ya vumbi hilo ni yeye. Mwingine angepanda chati, angetafuta cheo. Yeye alibaki godoroni. Na mpaka leo, katika nyumba zetu, anawaachia wengine sifa zote: maji ya friji, soda baridi, kutembea peku, kichwa kisichovalishwa kofia, na jirani fulani ambaye kila mtu anajua jicho lake si zuri. Mende, ambaye naye kweli huchochea pumu, hupigwa ndala kila akijitokeza. Utitiri hajapigwa ndala hata siku moja.

Wasiomjua hudhani anaumiza kwa meno. Hapana, kazi yake yote anaifanya kwa kinyesi. Mmoja huangusha vidonge kama 20 kwa siku, vidogo kuliko yeye mwenyewe, na ndani yake mna vimeng'enya vya kusagia chakula ambavyo, vikifika kwenye njia ya hewa ya mwanadamu, huendelea kusaga: hulegeza ukuta wa ndani wa mirija. Mwili wa mwenye mzio ukivigundua unapiga mbiu ya vita. Mirija inavimba, ute unajaa, misuli inayoizunguka inakaza, na kifua kinaanza kupiga ule mluzi ambao kila mzazi wa mtoto mwenye pumu anautambua hata akiwa chumba cha pili. Vumbi hilo la kinyesi ni zito kidogo. Ukilitimua linaelea, na katika nusu saa hivi limeshatua. Kwa hiyo kukutana nalo mchana sebuleni ni bahati nasibu. Kulipata sawasawa inabidi uzamishe pua kwenye mto na utulie hapo saa saba au nane, jambo ambalo wote tunalifanya kwa hiari.

Lakini sifa yake kubwa kwangu ni kwamba ameuelewa ubwana wetu kuliko sisi. Mtu akipata pesa kidogo anafanya nini? Ananunua zulia la ukuta kwa ukuta. Ananunua makochi ya velveti, ya kubonyea, yenye mito minane isiyo na kazi. Anatundika pazia tabaka mbili, la wavu na lile zito linaloburuza sakafuni, na madirisha yanafungwa ili pazia lisifubae. Juu ya kitanda anaweka mapambo ya manyoya. Mgeni akiingia anasema mashallah, na utitiri naye, huko chini, anasema hivyohivyo. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ile ya nyumba za zamani, ilikuwa inamtesa kwa njaa. Kitanda cha kamba na mkeka wa ukindu vilimpa mahali padogo mno pa kujificha. Tukaviona ni vya kimaskini, tukampisha.

Yuko mtu mmoja tu aliyekataa, na kila ukoo unaye: shangazi asiyevua nailoni ya dukani kwenye godoro jipya. Ukilala kwake godoro linachakarika kila ukijigeuza, jasho linakutiririka mgongoni, na kesho yake binamu wanakuigiza sauti za usiku. Makochi yake pia yako ndani ya plastiki. Kaa na kaptura, kisha jaribu kuinuka. Miaka yote tumemcheka kwa ubahili. Sasa wataalamu wa pumu huwashauri wenye mzio wavike godoro na mito yao mifuko maalumu iliyofumwa kwa kubana, yenye zipu, ili kilichomo ndani kisitoke na magamba ya ngozi yasiingie. Shangazi alikwishafika huko zamani, bila zipu na bila kliniki. Kama utitiri ana orodha ya watu wa kuwaombea dua mbaya, huyu yuko namba moja.

Anafuatiwa na bibi. Bibi alikuwa na desturi ya kutoa magodoro uani siku ya jua kali, yanaegemezwa ukutani tangu asubuhi, yanageuzwa adhuhuri, na mtoto aliyeyakalia anafokewa. Hakuwa amesoma lolote kuhusu unyevu. Lakini jua la wazi hupasha na kukausha, na kukauka ndiko utitiri asikokuweza. Ndiyo maana hata Uswisi, kwenye mji wa Davos ulio zaidi ya mita 1,500 juu milimani, Waholanzi walikuwa na kituo cha kuwapeleka wagonjwa wao wa pumu: hewa ya huko ni kavu mno kwa utitiri kuishi. Bibi alipata Davos yake uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku.

Maadui wengine nawataja kwa masikitiko. Maji ya moto ya nyuzi 60 yanamuua shuka zikifuliwa humo. Ya baridi yanamwogesha tu, ingawa yanaondoa sehemu ya kinyesi chake, na jua likimalizia kazi si haba. Tambara bichi la kudekia linamkamata asiruke. Na kuna ukatili wa kisasa: mwanasesere wa manyoya anayelala na mtoto anafungwa kwenye mfuko na kutiwa friza usiku na mchana, akiwa amelaliwa na samaki changu, kisha anafuliwa. Mtoto atalia. Utitiri hatalia, hatakuwepo. Hata hivyo asikate tamaa, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya njia hizi inayotosha peke yake, na watu wengi hufanya moja, wakaona kifua bado, wakaacha zote.

Marafiki anao pia. Ufagio mkavu asubuhi, chumba kimefungwa na mtoto yumo ndani. Blanketi linalokung'utwa mlangoni upepo ukiwa unaelekea ndani. Na wale washirika wake wa moshi, ambao hawamjui lakini wanamsaidia kumchokoza mgonjwa yuleyule: jiko la mkaa koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, udi unaofukizwa kwa nia njema ya kusafisha hewa. Sisemi udi uondoke, nitafukuzwa mjini. Nasema chumba cha mwenye pumu kipitwe.

Rafiki mpenzi zaidi ya wote ni yule jamaa anayekaa ubarazani na kusema, "Usimzoeshe mtoto inhela, akiizoea hataiacha." Kwa neno hilo moja utitiri amepata ulinzi ambao zulia haliwezi kumpa. Inhela ziko za kazi mbili. Moja, mara nyingi ya bluu, ni salbutamol ya kufungua mirija wakati wa kubanwa. Inatuliza, haiponyi uvimbe. Nyingine, mara nyingi ya kahawia, ni ya kuzuia: inatumika kila siku hata kifua kikiwa kimya, kwa sababu ndiyo inayopunguza uvimbe wenyewe. Utitiri huipenda ile familia inayotumia ya bluu pekee, ikaiweka ya kahawia kabatini siku mtoto anapoacha kukohoa, na kuilaumu mwezi unaofuata kwamba haifai. Anayelazimika kupuliza ile ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa, na daktari au nesi wa kliniki anapaswa kujua.

Kisha kuna suala la chupa. Mtoto mdogo hawezi kuvuta pumzi sambamba na kubonyeza inhela. Dawa inaishia ulimini. Kifaa cha kati cha kuipokea kipo, ila bei yake inawashinda wengi. Mwaka 1999, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji inayotupwa mtaroni, inafanya kazi hiyo kwa watoto waliobanwa, vizuri kama cha dukani. Inatobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, inhela inachomekwa pasibaki upenyo, na mtoto anavuta kwa upande wa mdomo wa chupa, pumzi kadhaa za polepole kwa kila puliza moja. Mwombe nesi akuonyeshe mara ya kwanza. Utitiri aliyesikia habari hii hakulala, kama kweli huwa analala.

Nimemsifu vya kutosha, na anayetaka kumtunza sasa anajua afanye nini: afunge madirisha, anunue zulia jingine, blanketi aliache sandukuni hadi kipupwe kijacho. Ila mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, midomo ikigeuka rangi, au dawa ya kutuliza isipompa nafuu, msingojee pakuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na njiani muendelee kumpulizia.